Kulinganisha viunzi vya hoja kwenye mitihani ya mantiki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Swali la kulinganisha hoja ni lipi hasa?

Unapewa hoja fupi, aghalabu sentensi tatu hadi tano, kisha hoja nyingine tano zilizopangwa A hadi E. Kazi yako ni kuchagua ile iliyojengwa kama hoja ya kwanza. Hoja ya kwanza inaweza kuzungumzia samaki wa Ziwa Victoria, na jibu sahihi likazungumzia kodi ya nyumba Kayole. Hakuna anayekuuliza kama samaki wamepungua wala kama kodi hiyo ni ya haki. Unaulizwa njia aliyopita msemaji kutoka kwenye misingi ya hoja yake hadi kufika kwenye hitimisho. Njia hiyo ndiyo ninayoiita kiunzi katika ukurasa huu wote.

Maswali haya huja kwa sura mbili. Sura ya kwanza huuliza ni hoja ipi inayofanana zaidi na ile ya juu kwa mpangilio wa mawazo. Ya pili huuliza ni ipi yenye dosari inayofanana na dosari ya ile ya juu. Ukiliona neno dosari kwenye swali, umeshapewa nusu ya jibu: hoja ya juu ni mbovu, na jibu lolote lenye hoja iliyo sawasawa linatoka hapo hapo, hata kabla hujalipima kwa lingine.

Ni mitihani gani inayauliza?

Maarufu zaidi ni LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria vya Marekani, ambao umekuwepo tangu 1948. Kule sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, kwa hiyo wanaoufanya kutoka Nairobi ni watu waliokwisha kuvaa joho mara moja. Alama zake huanzia 120 hadi 180. Tangu Agosti 2024 sehemu zinazohesabiwa ni tatu: mbili za mantiki na moja ya ufahamu. Inaongezwa ya nne isiyohesabiwa, na huambiwi ni ipi. Kila sehemu ni dakika 35.

GMAT, wa vyuo vya biashara, nao una maswali ya kuchambua hoja ndani ya sehemu ya lugha (maswali 23, dakika 45), lakini la kulinganisha viunzi hujitokeza mara chache. Kisha kuna vile vipimo ambavyo waajiri huwapa vijana waliotoka chuoni kabla ya kuwaita kwa mahojiano. Huko nako utakutana na ndugu zake wadogo.

Anayetaka LLB, yaani shahada ya kwanza ya sheria, hapa Kenya baada ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, haulizwi LSAT. Anayekwenda Marekani kusomea LLM, shahada ya uzamili ya sheria, mara nyingi haulizwi pia. Soma masharti ya chuo chako kwanza. Ada ya mtihani hulipwa kwa dola, na dola haina huruma na mshahara wa shilingi.

Mbona najikuta nimechagua jibu lenye mada ile ile?

Kwa sababu mtunzi alikutegea. Hoja ya juu ikizungumzia madaktari, moja ya zile tano itazungumzia wauguzi, na mara nyingi sana hiyo ndiyo yenye kiunzi kilichopinda. Macho hupenda mada. Pale katikati ya jiji, nganya mbili, yaani matatu zilizopambwa, zinaweza kuchorwa mwanamuziki yule yule, muziki ukavuma ule ule, moja ikawa 125 ya Rongai na nyingine 45 ya Githurai. Anayepanda kwa kufuata michoro atajua amepotea akishafika Roysambu.

Simaanishi kwamba jibu lenye mada inayofanana haliwezi kuwa sahihi. Mada haihesabiwi kabisa, kwa kheri wala kwa shari. Usilichague jibu kwa ajili yake, wala usilitupe.

Kiunzi chenyewe nakitoaje?

Anza na hitimisho. Tafuta sentensi ambayo zingine zote zinaitumikia. Maneno kama "kwa hiyo", "basi" na "bila shaka" hukuelekeza, lakini yasipokuwepo jiulize tu: msemaji huyu anataka niamini nini? Ukishalipata, pima uzito wake. "Ni lazima" si sawa na "huenda", na zote mbili si sawa na "yafaa". Ya kwanza inadai uhakika, ya pili inakisia, ya tatu inashauri. Hoja inayoishia kwenye ushauri haiwezi kulingana na inayoishia kwenye ubashiri, hata kama misingi yake ni pacha.

Kisha nenda kwenye misingi. Je, kuna kanuni ya jumla, kama "kila" au "yeyote"? Kuna sharti, "ikiwa hiki basi kile"? Kuna habari ya mtu mmoja au kitu kimoja? Weka herufi mahali pa vitu: A, B, C. Ujanja huu ni wa kale kuliko mtihani wowote. Aristotle aliutumia kule Ugiriki karne ya nne kabla ya Kristo, akaziacha herufi zisimame badala ya watu na wanyama ili umbo la hoja lionekane bila nyama yake. Ibn Sina na wanamantiki wenzake waliochambua umbo la hoja walipokea kazi hiyo na kuipeleka mbali zaidi.

Usiandike kila neno. Mistari miwili mitatu ya herufi inatosha. Hoja zingine hazikubali herufi vizuri, hasa zinazojengwa kwa mlinganisho au kwa kupinga maelezo ya mtu mwingine. Hizo zieleze kwa sentensi moja isiyotaja kitu: "Anatoa maelezo mengine ya jambo lile lile, kisha anasema ya kwanza si ya lazima."

Tupe mfano mzima.

Hoja ya juu: *Stima ikipotea mtaani, taa za barabarani huzima. Jana usiku taa za barabarani zilizima. Bila shaka basi stima ilipotea mtaani.*

Ni hoja ipi yenye dosari inayofanana zaidi na hiyo?

A. Mvua kubwa ikinyesha, barabara ya Rongai hujaa magari. Jana mvua kubwa ilinyesha. Bila shaka basi barabara ya Rongai ilijaa magari.

B. Stima ikipotea, kinyozi hafanyi kazi. Jana stima haikupotea. Bila shaka basi kinyozi alifanya kazi.

C. Mama mboga akichelewa kufika Marikiti, hukosa sukuma wiki nzuri. Leo amekosa sukuma wiki nzuri. Huenda basi alichelewa.

D. Bila shaka Achieng alifeli hesabu, kwa maana anarudia somo, na mwanafunzi akifeli hesabu hulirudia somo.

E. Mwenye karakana akiongeza mishahara, mafundi hawahami. Mafundi wamehama. Bila shaka basi mwenye karakana hakuongeza mishahara.

Kiunzi cha juu: A ikitokea, B hutokea. B imetokea. Kwa hiyo, kwa uhakika, A imetokea. Dosari yake ni kuligeuza sharti. Taa zinaweza kuzima kwa sababu nyingine, waya ulioibwa kwa mfano, na stima ikawa inawaka majumbani mwote.

Jibu A ni hoja nzuri. Sharti limetokea na tokeo limefuata. Swali linataka dosari, hivyo inaondoka. E nayo ni nzuri, ingawa watu wengi huitilia shaka kwa kuwa imejaa makanusho. Tokeo halikuwepo (mafundi wamehama), hivyo sharti nalo halikuwepo. Inaondoka.

Hoja ya jibu B ni mbovu, na imebeba stima mgongoni ili ikuvute. Lakini ubovu wake ni mwingine: inakana sharti, kisha inadai tokeo nalo linakanika. Kinyozi anaweza kukosa kufanya kazi kwa sababu anaumwa.

Sasa zimebaki C na D, na hapa ndipo watu hupotezea alama. C imefuata njia ile ile hatua kwa hatua, hata mpangilio wa sentensi ni ule ule, lakini inamalizia kwa "huenda". Msemaji anakisia tu, na kukisia hivyo si kosa. Hoja ya juu ilisema "bila shaka". D imepindua mpangilio, ikaanza na hitimisho na kuishia na kanuni, lakini ukiipanga upya unapata: A huleta B, B ipo, bila shaka A ilikuwepo. Jibu ni D.

Kwa hiyo mpangilio wa sentensi hauna maana?

Hauna. Hitimisho likiwa mwanzoni, katikati au mwishoni, kiunzi ni kile kile.

Hoja ya juu ina "hakuna" na "si", na jibu halina hata moja. Niliondoe?

Usiliondoe kwa sababu hiyo peke yake. "Asiyelipa nauli habebwi" na "kila aliyebebwa amelipa nauli" ni kauli moja kwa mantiki. Mtunzi hupenda kulificha jibu sahihi kwa kuiandika kauli kwa upande wake wa pili: geuza mpangilio na ukane pande zote mbili, maana haibadiliki. Ukifanya moja tu kati ya hayo mawili, umeharibu.

Kanusho linaloumiza kweli ni lile linalokaa mbele ya "kila". "Si kila jengo la mtaa wa Pipeline lina lifti" inasema angalau moja halina. "Hakuna jengo la Pipeline lenye lifti" inasema yote hayana. Aliyewahi kupanda ngazi hadi orofa ya saba akiwa na mtungi wa gesi ataapa kwa hiyo ya pili, lakini kwenye karatasi ya mtihani ya kwanza haikupi ruhusa ya kuisema ya pili.

"Kila", "wengi" na "baadhi" zinanichanganya. Naomba ufafanuzi.

Hapa tukae kidogo, maana ndipo penye tofauti kati ya anayebahatisha na anayejua.

Kwenye mitihani hii, "baadhi" ina maana ya angalau mmoja. Haimaanishi wachache, wala haikatai kwamba ni wote. "Wengi wa" ina maana ya zaidi ya nusu, na inaweza kufika wote. Yasahau matumizi ya sokoni, ambako ukisema baadhi ya nyanya zimeoza mtu anaelewa kwamba zilizobaki ni nzima.

Tazama hoja hizi mbili.

*Wengi wa wanafunzi wa darasa la jioni wameajiriwa. Kila aliyeajiriwa hukatwa kodi. Kwa hiyo wengi wa wanafunzi wa darasa la jioni hukatwa kodi.*

*Kila mwendesha boda wa kituo hiki ni mwanachama wa chama cha akiba. Wengi wa wanachama wana mikopo. Kwa hiyo wengi wa waendesha boda wa kituo hiki wana mikopo.*

Zina "kila" moja na "wengi" mbili kila moja. Ukizihesabu maneno utasema ni pacha. Ya kwanza inasimama: zaidi ya nusu ya darasa wako ndani ya kundi ambalo lote hukatwa kodi. Ya pili inaanguka. Chama kinaweza kuwa na wanachama mia tatu, waendesha boda wakiwa kumi tu, na hao kumi wakawa ndio wasiodaiwa hata senti. "Wengi" ikitangulia, kisha "kila" ikafuata, daraja linashika. Ikitangulia "kila", kisha "wengi", daraja limekatika.

Kuna kiunzi kingine ambacho wasomaji hukiona kibovu kumbe ni kizima. *Wengi wa wapangaji wa jengo hili wana watoto. Wengi wa wapangaji wa jengo hili hufuga kuku. Kwa hiyo baadhi ya wenye watoto hufuga kuku.* Kundi ni moja, na kila sifa imechukua zaidi ya nusu yake, hivyo ni lazima zigongane kwa angalau mpangaji mmoja. Badilisha "wengi" moja iwe "baadhi" na hoja inakufa. Ukitaka kuhakikisha, chora vyumba kumi kwenye karatasi, utie alama sita za watoto na sita za kuku, ujaribu kuzitenganisha. Hazitatengana.

"Isipokuwa" na "tu" nizishikeje?

Kwa makini, kwa maana ndizo hugeuza upande wa sharti. "Ni wenye tiketi tu wanaoingia uwanjani" haisemi kwamba kila mwenye tiketi ataingia. Inasema kila aliyeingia ana tiketi. Tiketi ni sharti la lazima, lakini haitoshi, mlinzi anaweza kumrudisha mlevi mwenye tiketi yake mkononi. "Mechi itachezwa isipokuwa mvua inyeshe" iandike hivi: mvua isiponyesha, mechi itachezwa. Mvua ikinyesha, kauli hiyo haijasema lolote, ingawa masikio yetu husikia kwamba mechi imefutwa.

Ni dosari zipi hurudi mara nyingi?

Kugeuza sharti na kukana sharti zinaongoza, nazo tumeziona. Baada ya hizo huja sababu na kufuatana: kamera zimewekwa kwenye makutano, ajali zimepungua, basi kamera zimepunguza ajali. Hapa angalia undani. Kuna hoja inayosahau kwamba jambo la tatu linaweza kuwa chanzo cha yote mawili, na kuna inayogeuza chanzo na matokeo. Mtunzi anaweza kuziweka zote mbili kwenye majibu akuone utafanya nini.

Sehemu na kizima pia hupendwa sana: kila tofali ni jepesi, basi ukuta ni mwepesi. Hiyo ina mwelekeo, maana kutoka kizima kwenda sehemu ni dosari nyingine. Ipo ya sampuli, yaani kuwauliza abiria wa treni ya Syokimau kuhusu usafiri kisha kutangaza maoni ya Nairobi nzima. Ipo ya kumshambulia msemaji: anayetaka nauli ipande anamiliki matatu, basi hoja yake haina maana. Na ipo ya kukosa ushahidi, ambayo hudai kwamba kwa kuwa jambo halijathibitishwa, basi si kweli.

Ukiweza kuipa dosari jina kabla ya kutazama majibu, kasi yako itaongezeka sana. Ukishindwa kuipa jina, ieleze kwa maneno yako. Mtihani hautaki majina.

Nitumie muda gani kwa swali moja?

Sehemu ya mantiki ya LSAT ina maswali yanayokaribia 25 kwa dakika 35, yaani sekunde 84 kwa kila moja. Swali la kulinganisha lina hoja sita za kusoma, hivyo haliingii humo. Ushauri wangu, na wapo wanaonipinga, ni kuliruka unapoliona na kulirudia maswali mafupi yakiisha. Alama yake ni moja tu, sawa na la mistari mitatu. Jibu baya halikatwi alama, kwa hiyo hata dakika zikikuishia, usiache wazi.

GMAT hauruhusi kuruka hivyo. Lazima ujibu ndipo usonge mbele, na mwisho wa sehemu unaweza kurudi kubadilisha majibu yasiyozidi matatu. Huko kisia, weka alama, endelea.

Mtihani ni wa Kiingereza. Kufanya mazoezi kwa Kiswahili kunanisaidia nini?

Kunakulazimisha uache kutegemea maneno. Mwanafunzi anayesoma kwa Kiingereza pekee huzoea kukamata alama za juu juu, na mtunzi anajua hivyo. Ukiweza kuichukua hoja ya Kiingereza, ukamweleza jirani yako kwa Kiswahili kwenye foleni ya chapati, na yeye akaona inapovunjikia, umekishika kiunzi. Hata hivyo, wiki za mwisho rudi kwenye Kiingereza cha mtihani, kwa sababu kasi ya kusoma haitafsiriki.

Nimenunua kitabu cha mitumba mjini. Bado kinafaa?

Kurasa za mantiki na ufahamu zinafaa sana, hata zikiwa na umri wa miaka ishirini. Zile za michezo ya kupanga watu kwenye viti na siku za wiki, ziruke. Ziliondolewa kwenye LSAT Agosti 2024, kufuatia makubaliano ya 2019 yaliyomaliza kesi ya mtahiniwa asiyeona, aliyelalamika kwamba maswali yale yanategemea kuchora. Angalia pia kama mwenye kitabu wa kwanza alizungushia majibu kwa kalamu. Ikiwa ndivyo, dai upunguziwe bei.

Nikibaki na majibu mawili, nifanyeje?

Usiyasome tena yote mawili kutoka mwanzo. Yaweke mahitimisho yake ubavu kwa ubavu na lile la hoja ya juu, uangalie uzito: uhakika, uwezekano au ushauri. Mara nyingi moja huanguka hapo. Yakilingana, nenda kwenye idadi: "kila" imekuwa "wengi"? Mtu mmoja amekuwa kundi? Kisha hesabu misingi, kama hoja ya juu ina mitatu na jibu lina miwili, kuna hatua imerukwa. Na kama bado yanakutazama yote mawili, uwezekano mkubwa ni kwamba hoja ya juu uliisoma vibaya, si majibu. Rudi juu, lisome hitimisho peke yake, ulinganishe upya.